Kusoma Picha katika Bustani ya Forodhani

Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike habari za safari yangu ya Unguja katika likizo ya Desemba, lakini akanionya nisiandike juu ya bahari na pweza wa kuchoma tu, kwa kuwa kila aendaye pwani huandika hayo. Basi nitaandika juu ya jambo moja: bustani iliyo mbele ya Mji Mkongwe, iitwayo Forodhani, na jinsi mtu awezavyo kujua umri wa picha ya zamani kwa kutazama vitu vilivyomo ndani yake. Elimu hii naliipata kwa kutembea katika bustani ile siku nne, asubuhi na jioni, na kamera shingoni. Naamini yaweza kuwafaa wenzangu wa chama cha wapiga picha, na hata wazee waliosoma hapa zamani, ambao wengi wao wana masanduku yaliyojaa picha zisizo na neno lolote nyuma.

Safari yenyewe sitaieleza kwa urefu. Mjomba wangu ni dereva wa lori, akanichukua kutoka Kampala mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo nalipanda boti, mwendo wa saa mbili hivi. Kamera ilikuwa mali ya chama chetu, nami naliitia katika mfuko wa nailoni nikaufunga barabara, maana maji ya chumvi huharibu kamera upesi kuliko mvua ya kwetu.

Jina la Forodhani latokana na neno forodha, yaani mahali pa kutozea ushuru wa bidhaa. Zamani mizigo yote ya majahazi ilishushwa upande huu wa mji. Bustani si kubwa. Mtu mwenye haraka aweza kuivuka kwa dakika chache tu. Upande mmoja ni ukuta wa bahari, na upande wa pili, ng'ambo ya barabara, ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kando ya Ngome ndipo lilipo jumba liitwalo Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Watu waliliita la maajabu kwa sababu lilikuwa refu kuliko yote, lina nguzo za chuma na roshani zinazolizunguka, na lilikuwa la kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme.

Sasa nije kwenye somo. Mpiga picha afikapo mahali pageni, yafaa kwanza asipige picha hata moja. Na azunguke tu, aangalie jua. Pale Forodhani majumba yameelekea baharini, yaani upande wa magharibi na kaskazini. Kwa hiyo asubuhi jua huwa nyuma ya majumba, na nyuso zake zote huwa kivulini. Ukipiga picha wakati huo utapata mbingu nyeupe na jumba jeusi. Wakati wa kupiga majumba ni alasiri, tangu saa tisa hivi, jua literemkapo upande wa bahari na kuangaza kuta. Asubuhi yafaa kwa bahari na mashua, kwa kuwa hapo jua liko mgongoni mwako. Jambo hili ni dogo, lakini lina faida nyingine nitakayoieleza mbele: ukiiona picha ya zamani ambayo uso wa jumba unang'aa, umekwisha kujua kwamba ilipigwa alasiri.

Jioni ni wakati wa watu. Vijana huja kurukia majini kutoka juu ya ukuta, mmoja baada ya mwingine, na wachoma nyama na wauza miwa huwasha taa zao. Hapo sharti mtu aombe ruhusa. Nalimwuliza mpishi mmoja kama naweza kumpiga picha, akanijibu, "Piga moto, bwana, mimi niache." Nalipiga moto wake, na picha ile ni mojawapo ya nzuri nilizorudi nazo. Wale vijana warukao majini walikubali upesi mno, hata nikachoka kabla yao, kwa kuwa kila mmoja alitaka aonyeshwe picha yake kwenye kioo cha kamera, kisha arudie.

Siku ya pili nalikwenda kutazama picha za zamani. Unguja ni mji uliopigwa picha mapema sana. Walikuwako wapiga picha wa Kigoa kama A. C. Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye mwanawe Rohit aliiendeleza. Picha zao nyingi zimechapwa tena, nazo huuzwa madukani. Naliposimama mbele ya picha kumi na tano hivi za mahali pamoja, naliona kwamba hazifanani, na kwamba tofauti zake zina mpango.

Alama ya kwanza ni mnara. Katika picha za zamani kabisa, Beit al-Ajaib halina mnara wowote usoni pake. Mnara uko mbele, peke yake, karibu na bahari, nao ulikuwa mnara wa taa wa kuongozea meli. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, naye Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila ya Waingereza kukubali. Tarehe 27 asubuhi manowari za Kiingereza zilipiga mizinga. Vita vile vilidumu chini ya saa moja. Wengi hutaja dakika 38, na vitabu vingi huviita vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa. Lakini katika muda ule mfupi mamia ya watu upande wa jumba walikufa au kujeruhiwa, na mnara ule wa taa ukaharibika kabisa. Beit al-Ajaib lilipotengenezwa baadaye lilijengewa mnara wa saa usoni pake, ambao ndio tuuonao katika picha zote zilizofuata. Basi, ukiuona mnara umesimama peke yake, picha ni ya kabla ya Agosti 1896. Ukiuona umeshikamana na jumba, ni ya baadaye.

Alama ya pili naipenda zaidi, maana haiko nchi kavu. Sultani alikuwa na meli moja iliyoitwa Glasgow. Katika mapigano yale ilizamishwa pale pale bandarini, lakini kwa kuwa maji hayakuwa na kina kikubwa, milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji. Ilikaa hivyo mpaka mwaka 1912, mabaki yalipovunjwa na kuondolewa. Kwa hiyo picha ya bandari yenye milingoti mitatu isiyo na meli chini yake ni ya kati ya 1896 na 1912. Naliiona picha moja ya namna hiyo dukani, na mwuzaji alidhani milingoti ni ya jahazi lililo mbali. Nalimweleza, akafurahi, kisha akaongeza bei.

Alama ya tatu ni bustani yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mahali pale palikuwa na mabanda ya mizigo na reli. Ndiyo, reli! Wamarekani walijenga reli ndogo kutoka mjini mpaka Bububu, kilomita 11 hivi, na gari moshi lilipita karibu mno na milango ya nyumba za watu. Bandari ilipohamia upande wa Malindi, mahali pale pakabaki wazi, na mwaka 1936 pakatengenezwa bustani kwa heshima ya Sultani Khalifa bin Harub, aliyekuwa ametimiza miaka 25 ya kutawala. Iliitwa Jubilee Gardens, na katikati pana jukwaa ambapo bendi ya Sultani ilikuwa ikipigia watu muziki. Ukiliona jukwaa hilo, picha si ya kabla ya 1936. Bustani uionayo leo ilitengenezwa upya na shirika la Aga Khan Trust for Culture, ikafunguliwa tena mwaka 2009, kwa hiyo njia zake na taa zake zisikudanganye; hizo ni mpya.

Alama ya nne nalifundishwa na mzee mmoja. Alikuwa ameketi kivulini juu ya benchi, na kofia yake ameiweka gotini. Nalimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wewe Kiswahili chako cha bara, tena bara ya mbali." Nalimwambia nimetoka Uganda. Akacheka akasema kwamba siku hizi hata Waganda wasema Kiswahili, basi dunia imekaribia mwisho. Tulizungumza muda mrefu, kisha nikatoa bahasha yangu.

Hapa yanibidi nieleze juu ya bahasha hiyo. Nyumbani kwetu ukutani kuna picha moja ndogo, isiyo na rangi, ya kijana aliyesimama katika bustani, na nyuma yake Beit al-Ajaib. Sote tulikua tukiambiwa kwamba ni babu yetu katika ujana wake, alipokuwa pwani akitafuta kazi. Babu alipofariki, picha hiyo ndiyo iliyochapwa kwenye karatasi ya misa ya mazishi. Katika sanduku lake la bati mlikuwa na picha ya pili ya kijana yule yule, amesimama kando ya kijengo cheupe chenye matao, kilichochongoka juu kama meno ya msumeno. Hakuna aliyejua ni kitu gani. Nalizichukua picha zote mbili ili nipige nyingine mahali hapo hapo, niwape shangazi zangu kama zawadi.

Mzee aliishika ile ya pili, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akasema mara moja, "Hiki ni kile kijengo cha Princess Margaret. Kilijengwa pale karibu na bahari alipokuja mwaka 1956. Mimi nalikuwa mtoto wa skuli, tulipangwa njiani na vibendera." Kisha akanieleza kwamba binti mfalme yule hakushukia pale hata kidogo. Baadaye nalisoma habari hiyo katika kitabu, nayo ni kama alivyosema: kijengo kilikuwa cha mwaka 1956, cha kumpokelea Princess Margaret, dada yake Malkia Elizabeth wa Uingereza, lakini alishukia bandari ya majahazi.

Nalimshukuru mzee, nikaenda nikaketi peke yangu, maana kichwa changu kilikuwa kimeanza kufanya hesabu ambayo sikuitaka.

Babu alikuwa akisema siku zote kwamba aliondoka pwani mwaka uliofuata kifo cha Mfalme George. Mfalme George wa Sita alikufa Februari 1952, kwa hiyo babu alirudi Uganda mwaka 1953. Hilo halitegemei kumbukumbu yake tu. Katika sanduku lile lile mna cheti chake cha ualimu, na barua ya misheni inayomwajiri tangu Januari 1955. Tangu hapo alifundisha katika wilaya yetu mpaka alipostaafu. Basi aliwezaje kusimama kando ya kijengo kilichojengwa mwaka 1956?

Yawezekana alikwenda tena wakati wa likizo? Nalilifikiri hilo kwanza, maana mtu asikimbilie jibu. Lakini kijana wa katika picha hakuvaa kama mwalimu aliye likizoni. Amevaa sare ya kazi na kofia yenye beji. Na picha mbili zile ni za siku moja, au siku zilizokaribiana sana, kwa kuwa katika zote kidole gumba cha mkono wa kushoto kimefungwa kitambaa, na kalamu iko mfukoni mahali pale pale. Kwa hiyo picha yetu ya ukutani nayo ni ya 1956 au baada yake.

Mwisho wake nao nalijaribu kuupata. Katika picha ya ukutani bendera inapepea juu ya jumba, na upepo umeikunjua yote. Ni ya rangi moja tu, haina alama. Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, katikati ya bendera pakatiwa duara la kijani lenye karafuu mbili, na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaiondoa bendera hiyo nayo, zikaja nyingine zenye rangi kadhaa. Picha yetu basi ni ya kabla ya Desemba 1963. Uso wa jumba unang'aa, kwa hiyo ilikuwa alasiri.

Nani basi alikuwa Unguja, kati ya 1956 na 1963, amevaa sare ya kazi, na sura yake ni ya babu hata sisi sote tukadanganyika? Katika ukoo wetu ni mtu mmoja tu. Babu alikuwa na kaka yake, ambaye walikwenda pwani pamoja. Babu alirudi, kaka yake akabaki, akaandika kwamba amepata kazi bandarini. Barua yake ya mwisho ilifika mwaka 1963. Baada ya hapo hapakuja habari tena, wala hakuna ajuaye alikufa lini, wala alizikwa wapi. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Ndivyo tulivyodhani.

Alasiri ya siku ya tatu nalisimama mahali ambapo mpiga picha yule alisimama. Njia ya kupapata ni rahisi, nanyi mwaweza kuifuata popote. Chagua katika picha ya zamani vitu viwili visivyohama, kimoja kilicho karibu na kingine kilicho mbali. Mimi nalichagua pembe ya jukwaa la bendi na pembe ya ukuta wa Ngome. Tembea kulia au kushoto mpaka vikae kama vilivyo katika picha, kisha songa mbele au nyuma mpaka nafasi kati yake iwe ile ile. Nalihangaika karibu nusu saa, na watu wakinitazama, kisha vitu vikakaa mahali pake kama mlango ufungwapo.

Lakini Beit al-Ajaib halikukaa mahali pake. Jumba lile lilikuwa likizeeka kwa muda mrefu. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa ndani wakilitengeneza, sehemu kubwa yake ikaporomoka na watu wawili wakafa. Nalipofika mimi lilikuwa limezungushiwa uzio. Picha niliyopiga ina jukwaa, ina Ngome, ina watoto wawili wakila miwa, na mahali pa roshani zile ina mbingu na vyuma vya kupandia mafundi. Naliipiga hivyo hivyo. Mpiga picha mwingine angesogea kando ili uzio usionekane, nami sikubaliani naye: miaka hamsini ijayo uzio huo ndio utakaomwambia mtu mwaka.

Naliporudi nyumbani nalikaa siku mbili bila ya kusema. Kisha nalimweleza shangazi mkubwa, yeye peke yake kwanza, nikamwekea mezani picha mbili, cheti, na barua ya misheni. Alizitazama kimya. Nalidhani atakasirika, kwa kuwa ni yeye aliyeichagua picha ile kwa mazishi. Mwishowe akasema, "Mwanangu, baba hakuwahi kusema kwamba huyu ni yeye. Sisi watoto ndio tuliosema, naye akanyamaza." Akakumbuka kwamba kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, babu alikuwa akiishusha picha ile na kuipangusa vumbi kwa leso yake, na picha nyingine zote akiwaachia watoto wapanguse. "Ni nani apangusaye picha yake mwenyewe hivyo?" akaniuliza.

Baba yangu hakubali bado. Asema kofia yenye beji aweza kuivaa mtu yeyote, na kwamba mzee wa benchi huenda amekosea kijengo. Ni haki yake kushuku, nami nimemwachia kitabu asome. Lakini picha imerudishwa ukutani, na nyuma yake shangazi ameandika kwa penseli jina la kaka yake babu, na chini yake: Forodhani, alasiri, kati ya 1956 na 1963. Mwezi wa Novemba, alipotoa nia ya misa kwa marehemu wa ukoo wetu, alilitaja jina hilo pamoja na la babu, na mimi nilikuwa sijawahi kulisikia likisomwa kanisani.

Picha zangu kumi na mbili za Forodhani zimebandikwa katika maktaba, karibu na dirisha, na chini ya kila moja nimeandika siku na saa. Nawaomba wazee wetu waliopata kufanya kazi pwani, au ambao baba zao walifanya kazi huko, watazame katika masanduku yao. Aliye na picha ya bandari ya Unguja ya miaka ile, na ailete au aitume kwa mhariri, nasi tutaipiga nakala na kuirudisha bila ya kuikunja. Hata ikiwa imechakaa au imeliwa na mende pembeni, tutaipokea kwa furaha, na zaidi kama ndani yake wapo wafanyakazi wa bandari waliovaa kofia zenye beji.